Canon ya APS-C: zumu moja, f/2.8 nzito, au lenzi mbili ndogo?

Mtu_wa_Wete
Assalaam alaykum. Kamera yangu ni Canon ya APS-C (sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ya saizi ndogo), megapikseli 24. Julai nashuka Unguja: vichochoro vya Mji Mkongwe, kima punju wa msitu wa Jozani, na sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi. Kote ni miguu na daladala, begi zito silitaki. Nipo baina ya EF-S 17-55 f/2.8 (gramu 645), EF-S 18-135 STM (480), au 24 f/2.8 na 50 f/1.8 STM pamoja (285). Nyingi ni picha za Instagram, chache nitazichapisha sentimita 30 kwa 45. Nichukue ipi?

Lenzi_Darajani
Waalaykum salaam. Tazama mwanga kwanza, gramu baadaye. Jua la mchana, tundu la lenzi f/8 (namba ya f ikipungua, mwanga unaongezeka), lenzi zote hizo zinakaribiana. Kwenye karatasi ya 30 kwa 45 hutoona tofauti mpaka ubandike pua.

Vichochoroni ikikaribia magharibi ndipo zinapoachana. 18-135 ukiizungusha mpaka milimita 50 inafunguka karibu f/5 tu. 50 f/1.8 inaizidi kama stopu tatu, kila stopu ni mwanga mara mbili: zumu ikitaka ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 6400, ile ndogo inatosheka na 800. Ile 24 isikudanganye lakini, maana zumu hapo iko karibu f/4, kwa hiyo unapata stopu moja tu. Wala usitegemee IS, kituliza mtikisiko cha lenzi, kwa wapita njia. Inatuliza mkono wako, haimsimamishi mtu. Anayetembea anataka kasi ya 1/250 ya sekunde.

Mimi ningebeba 18-135 na 50. Jumla gramu 640, yaani sawasawa na 17-55 peke yake, na unafika mbali zaidi.

Kusi_Paje
Naunga mkono. 17-55 ni kali kweli, lakini milimita 55 Jozani haifiki mbali, na haina mpira wa kuzuia vumbi.

Makunduchi usibadilishe lenzi kabisa. Watu wanapigana kwa vigogo vya migomba, kibanda kinachomwa, vumbi na moshi vitaingia kwenye sensa. 18-135 tu, 1/1000, ISO iache ijipange yenyewe. Jozani chini ya miti ni kivuli, na 135 inaishia f/5.6, kima akiruka panda mpaka 1/500, ISO ipande nayo. Punje za ISO kubwa zinapunguzwa kwenye kompyuta, picha iliyotikisika ndiyo basi tena.

Binti_Chake
Na unyevunyevu jamani! Ukilala chumba cha kiyoyozi, asubuhi ukitoka nje lenzi itatoka jasho. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujatoka, iache humo nusu saa ipate joto ndiyo uitoe. Ukirudi nyumbani usiifungie kwenye begi la ngozi miezi, kuvu itaota ndani ya vioo. Kopo lisiloingiza hewa na silika jeli vinatosha.

Mtu_wa_Wete
Basi 18-135 na 50. Filta ya UV niweke?

Lenzi_Darajani
Ufukweni weka, chumvi na mchanga vinakwangua kioo. 18-135 inataka milimita 67, 50 inataka 49. Usiku Forodhani itoe, taa za wachoma mishkaki zitajirudia ndani ya picha kama vidoa vya kijani.