Ree mbili mkononi, mzee kapandisha kwenye kadi ya nne: nilikosea kuzitupa?

Mkwezi_Sinza
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya wanaocheza Texas Hold'em (ile poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani), hii kitu inanikosesha usingizi toka Ijumaa.

Tunacheza watu sita kwa jamaa yetu Sinza, blaindi (dau za lazima) 500 kwa 1,000, kila mtu anaanza na laki. Nikapata ree mbili, ya kopa na ya pau, nikapandisha hadi 3,000 wakalipa wawili, dogo mmoja anayeingia karibu kila mkono na mzee wetu mmoja aliyekuwa blaindi kubwa. Flopu, zile kadi tatu za kwanza mezani, ikaja J ya shupaza, 10 ya shupaza, 4 ya uru. Nikaweka 6,000, mzee akalipa, dogo akatupa. Kadi ya nne ikawa 9 ya pau. Poti, hela yote iliyowekwa, imefika 21,500, nikaweka 14,000, mzee akakaa kimya, akahesabu chipu zake taratibu akasukuma 40,000.

Hapo nimebakiwa na 77,000 na natakiwa kuongeza 26,000 ili niione kadi ya tano. Nikafikiria kama dakika mbili hivi nikatupa. Mzee hakuonyesha alichokuwa nacho, akakusanya tu poti. Sasa meza nzima ikanijia juu, ree mbili hazitupwi wewe, umepigwa mkwara. Mimi ninachotaka kujua sio mzee alikuwa na nini maana hilo sitalijua, nataka kujua nyie mnaamuaje kwamba karata nzuri imeshakuwa mbaya?

Shupaza_Kavu
Mkuu ulitupa vizuri, na ngoja nikueleze kwa nini maana wengi hawaoni hili. Ree mbili zilikuwa karata bora kabla ya flopu, baada ya flopu ni pea moja tu. Pea kubwa kuliko zote sawa, lakini pea. Na meza ina J, 10 na 9. K na Q ni streti tayari (karata tano zinazofuatana), 8 na 7 ni streti, Q na 8 ni streti, 4 mbili ni seti (tatu za namba moja), J na 10 ni pea mbili, hapo sijagusa 9 mbili wala 10 mbili.

Hesabu yake: unaongeza 26,000 kugombea 75,500 iliyopo mezani, kwa hiyo lazima uwe unashinda zaidi kidogo ya mara moja kati ya nne ndio ulipe. Sasa ona, kama mzee ana streti wewe umeshakufa, hakuna kadi hata moja kwenye pakiti inayokuokoa, ree ikija unapata seti na seti inapigwa na streti. Kama ana seti una kadi mbili tu za kukuokoa kati ya 44. Kama ana J na 10 una nane, ree mbili, 9 tatu na 4 tatu, hiyo ni kama asilimia 18. Hata hapo unapohisi una matumaini bado hufiki robo! Halafu ukilipa hiyo 26,000 unabaki na 51,000 na poti imeshapita laki, mzee akizisukuma zote kwenye kadi ya tano utazitupaje? Ndio maana mimi nasema uamuzi unafanyika kwenye kadi ya nne, ukisubiri ya tano umeshachelewa.

Swali ni moja, huyo mzee umewahi kumuona anapandisha kwenye kadi ya nne akiwa na mkwara?

Bandari_Boy
Mimi nampinga Shupaza_Kavu kidogo. Hesabu yake ni sahihi ila ameorodhesha tu karata zinazokupiga, mbona hajaorodhesha unazozipiga wewe? Kuna shupaza mbili mezani na ree ya shupaza hukuwa nayo, maana yake mzee anaweza kuwa nayo yeye na anasubiri flashi, yaani karata tano za shupaza. Anaweza kuwa na K na J, ana pea na anasubiri Q ya kukamilisha streti. Hao wote wanaweza kupandisha vilevile kukutisha.

Na hii ya kutupa ina gharama yake jamani. Las Vegas mwaka 2003, mashindano makubwa ya dunia wamebaki wawili, Sammy Farha ana Q na 9, meza ni 9, 2, 6, 8, 3, yaani ana pea ya juu kabisa ya meza. Chris Moneymaker akasukuma chipu zote akiwa na K na 7, hana hata pea. Farha kafikiria weee mwisho akatupa, na Moneymaker ndiye aliyeondoka na dola milioni 2.5, mtu aliyeingia kwenye yale mashindano kupitia mchujo wa intaneti wa dola 86. Watu wakishajua unatupa, watakusukuma kila Ijumaa.

Msee_wa_South_C
Huku kwetu Nairobi ukisema poka watu wanadhani ni ile kadi ya kulishana 2 na 3 mpaka mtu aseme niko kadi, so nafurahi sana kupata watu wa Hold'em hapa.

Bandari_Boy hiyo story ni ya ukweli lakini Moneymaker si huyu mzee. Mtu ambaye ako tayari kuweka kila kitu bila pea na mtu ambaye anangoja masaa mawili ndio acheze mkono mmoja hawawezi pimwa na kipimo kimoja. Mimi huwa nahesabu njia, si majina ya karata. K na Q peke yake inaweza kuja kwa njia 16 juu hakuna K wala Q imeonekana popote. Linganisha na ile ya Daniel Negreanu na Gus Hansen kwa kipindi cha TV cha High Stakes Poker, meza ni 9, 6, 5, 5, 8 na Negreanu ako na 6 mbili, ni fulu hausi, 6 tatu na 5 mbili. Zinazompiga ni 9 mbili, 8 mbili na 5 mbili, ukihesabu ni njia saba tu. Akalipa, Hansen akafungua 5 mbili, zikawa nne, poti ilikuwa dola 575,700. Alipoteza lakini mimi siwezi sema alikosea, pale ungelipa na mimi ningelipa. Yako ndugu yangu njia zinazokupiga ni nyingi sana, na uko na pea moja.

DadaMoro
Nakubaliana na South C. Niongeze tu kwa wanaocheza mashindano kwenye simu, mkikaribia kuingia kwenye zawadi kutupa kunakuwa kwingi zaidi maana chipu unazopoteza zina thamani kuliko unazoshinda. Lakini msiende mbali mkaanza kutupa K mbili kabla ya flopu kwa kuogopa ree mbili. Dhidi ya mtu mmoja uwezekano wa yeye kuwa nazo ni 1 kati ya 204, hata meza ya watu tisa ni kama asilimia 4. Woga wa hapo unakula hela polepole na huuoni.

@Mkwezi_Sinza mjibu Shupaza_Kavu, mzee anachezaje?

Mkwezi_Sinza
Asanteni sana wakuu. Nimekaa nikakumbuka vizuri. Toka mwezi wa pili tunacheza naye na nimemuona akipandisha kwenye kadi ya nne mara mbili tu. Ya kwanza alifungua seti ya 7, ya pili jamaa alimlipa akakutana na streti. Flashi akiwa anaisubiri huwa analipa tu, hapandishi, hata ile siku aliyoikosa na K ya shupaza alilipa mpaka mwisho akatupa.

Bandari_Boy angekuwa yule dogo amepandisha ningelipa bila kufikiri, hapo nakuelewa kabisa. Ijumaa hii nitawahi mapema nikae kushoto kwa mzee ili yeye ndio awe anaanza kuongea kabla yangu.