Mliomeza klorokwini, ile dawa ya malaria, enzi zile, tupeane uzoefu wa ule muwasho

Mkazi wa Kigogo: Leo mwanangu kapimwa kaonekana ana malaria, kapewa dawa ya mseto, kanywa na maziwa kalala zake, nikakumbuka sisi. Mliokulia Buguruni, Temeke, Magomeni miaka ya tisini mwageni hapa. Klorokwini ilikuwa nne leo, nne kesho, mbili kesho kutwa. Ukishameza zile nne za kwanza, ikifika usiku viganja na nyayo zinaanza. Hakuna kipele hata kimoja, ngozi safi kabisa, ila kwa ndani sindano zinachomachoma, unajikuna mpaka damu na muwasho uko palepale. Mama alikuwa ananivisha soksi mikononi nisijichane. Homa imeshaondoka lakini ndo nalia sasa.

Bint Magomeni: Umenikumbusha mbali! Nilikuwa nalala chini kwenye saruji bila shuka, nikioga maji ya moto tu nimekwisha.

Fundi Spika: Gunzi la hindi mgongoni, tunapeana zamu.

Mzee wa Tandika: Mlikuwa mnadeka. Nimeimeza miaka yote sijawahi kuwashwa.

Bint Magomeni: Kwa hiyo mtoto wa miaka sita anajichuna ngozi kwa kudeka? Shukuru mwili wako, usitudharau.

Dada wa Famasi: Mzee, siyo kudeka. Muwasho ule unatupata zaidi watu weusi na hata hivyo siyo wote, nyumba moja huyu anawashwa huyu hawashwi. Ndo maana hata piriton ya kutuliza muwasho mtu alikuwa anapewa na bado anakesha.

Mzee wa Tandika: Basi ndo sababu serikali ikaiondoa.

Dada wa Famasi: Hapana, 2001 iliachwa kwa sababu vimelea vilishakuwa sugu, watu wanamaliza dozi na malaria inarudi. Muwasho ulifanya wengi waikatishe njiani, hilo kweli. Ikaja SP, dawa ya malaria yenye salfa, nayo ikazoeleka kwa vimelea, 2006 ndo ukapitishwa mseto.

Mama Wawili: Samahani nawatoa kwenye muwasho, hiyo SP mliyoitaja imenishtua. Mdogo wangu alimeza zile za salfa, vitatu kwa mpigo kama kawaida. Baada ya siku kadhaa macho mekundu, midomo imevimba imepasuka, mdomoni malengelenge hata maji hayapiti, jirani mmoja anasema tetekuwanga mwingine anasema mtoto karogwa, ilipofika kifuani ngozi ikawa inaachia, ukimgeuza inabaki kwenye shuka. Baba akakodi teksi usiku uleule kutoka Mbagala. Daktari alipomwona tu akauliza, kameza dawa gani? Alipona, Mungu mkubwa, ila macho yanakauka mpaka leo, anatembea na dawa ya matone. Sasa alipopata ujauzito kliniki si wanakupa SP ya kukinga malaria umeze palepale mbele ya nesi? Akakataa, akaonekana mbishi, kasemwa mbele ya wenzake mpaka alipotoa cheti kwenye pochi.

Fundi Spika: Dah. Pole sana dada.

Mkazi wa Kigogo: Aisee mwili umenisisimka.

Dada wa Famasi: Mama Wawili, aandikiwe kwenye kadi kwa wino mwekundu. Na septrin asiguse, nayo ina salfa.

Kijana wa Kinyerezi: Mimi ndo maana nakunywa muarobaini tu, hizi dawa zinaua.

Mama Wawili: Mimi sijasema watu waache dawa! Mtoto wa jirani alipewa majani hayohayo, jioni akaanza degedege. Usinitumie kwa hilo.

Mpiga Debe Mstaafu: Na kwinini, ile dawa nyingine ya malaria, ya dripu? Masikio yanavuma, naona mdomo wa nesi unacheza sisikii kitu.

Bint Magomeni: Mimi mseto wenyewe unanilegeza, kichwa kinazunguka. Nikipata nafuu siku ya pili si naacha tu?

Mzee wa Tandika: Acha, mwili utamalizia.

Dada wa Famasi: Usiache! Nne asubuhi nne jioni siku tatu, ila dozi ya pili ni masaa nane baada ya ile ya kwanza. Na ule kitu chenye mafuta, tumbo tupu dawa haiingii vizuri mwilini.

Fundi Spika: Chapati na maziwa, basi.

Mkazi wa Kigogo: Dada wa Famasi, shangazi yangu ana lupus, ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe, kaandikiwa haidroksiklorokwini na zamani alikuwa anawashwa vibaya mno. Itakuwaje?

Dada wa Famasi: Hiyo ni ndugu yake klorokwini, inaweza kumwasha. Asiiache mwenyewe, amwambie daktari wake hiyo historia, na macho yawe yanapimwa kila akiambiwa arudi.