Ngiri akibaki mwekundu ndani, ni salama?

Mpishi_Mbezi: Wakuu, nina kilo 2 za paja la ngiri kutoka bucha la nyamapori hapa Dar. Imekaa friza siku 4. Nikiichoma nusu mbichi, minyoo itakuwa imekufa?

Mkaguzi_Nyama: Hapana, mkuu. Kwa ngiri na nguruwe pori hofu kubwa ni trikinela, aina ya minyoo wadogo. Lava wake (minyoo wachanga) hujikunja ndani ya misuli, huwezi kuwaona kwa macho. Kanuni ya kugandisha siku 20 kwa nyuzi joto -15 ni ya nguruwe wa kufugwa. Kwa nyamapori usiitegemee kabisa. Chumvi na moshi navyo haviaminiki.

Kata vipande vya sentimita 3, chemsha mpaka katikati ifike nyuzi 71, ndipo upeleke kwenye mkaa. Ukianza na mkaa mkali, nje kunaungua na ndani bado pinki. Kipimajoto kichome penye mnofu mnene, kisiguse mfupa, maana kitakudanganya.

Dada_Maabara: Na ubao huo usikatie kachumbari kabla ya kuuosha kwa sabuni! Dalili za trikinela huanza na tumbo kuharisha, kisha baada ya wiki moja au mbili kope huvimba, homa, misuli kuuma. Ni rahisi kudhani malaria, kwa hiyo mtajie daktari ngiri mapema. Dawa ya minyoo albendazole hufanya kazi vizuri lava wakiwa hawajaingia misulini.

Mpishi_Mbezi: Asanteni. Na swala je?

Mkaguzi_Nyama: Swala hali nyama, trikinela si shida yake. Toksoplasma, kimelea kingine, anaweza kuwa nayo. Aive vilevile.