Land Rover 109 ya mwaka 1974: rangi ya bodi inavimba na chesisi inatoa magamba

Raskazone_109

Wakuu, heshima zenu. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1974, ile ndefu ya 109, ambayo marehemu baba aliniachia. Hulala nje, juu ya majani, karibu kabisa na bahari hapa Tanga, nami huifunika kwa turubai la plastiki ili mvua za masika zisiipate. Tangu utotoni nimesikia kwamba Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Hata hivyo rangi imevimba kuzunguka ribiti za madigadi na kwenye ukingo wa chini wa milango, na nikiubonyeza uvimbe huo kwa kucha hutoka unga mweupe. Chini ya kanyagio, upande wa dereva, kuna magamba ya kutu yanayobanduka kwa mkono. Fundi mmoja amependekeza tupige puti (ule udongo wa kujazia mashimo ya bodi), tupake rangi upya, kisha chesisi nzima, yaani fremu ya chini inayobeba gari, tuipake oili chafu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Sina nia ya kuiuza wala kuipeleka kwenye maonyesho. Nataka iendelee kutembea.

Mzee wa Praima

Ndugu Raskazone, turubai hilo liondoe leo hii, hata kabla ya kuzungumza na fundi. Mvuke hupanda kutoka kwenye majani na udongo, hukosa pa kutokea, na usiku bati linapopoa hugeuka matone upande wa ndani wa plastiki na juu ya bodi. Gari lililonyeshewa kisha likapigwa na upepo hukauka. Lililofunikwa hivyo linaweza kushinda na unyevu hadi mchana. Ongeza na chumvi ya bahari. Ndani yake mna kloridi ya magnesi, ambayo huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevunyevu wa hewa ukiwa takriban asilimia 33 tu, na kwa pwani yetu kiwango hicho ni cha chini mno. Ndiyo maana bodi yenye chumvi haikauki sawasawa hata wakati wa kiangazi. Jenga banda la makuti au mabati lisilo na kuta, sakafu iwe ya zege au angalau kokoto, na kila baada ya kupita ufukweni osha gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa uvunguni.

Kuhusu alumini, uliyoambiwa ni nusu ya habari. Land Rover ya kwanza ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Lakini chesisi, ukuta unaotenganisha injini na dereva, pamoja na fremu za milango vilibaki kuwa vya chuma. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa kwanza, na huo unga mweupe ndiyo kutu yake. Milango yako inavimba chini kwa sababu hapo ndipo bati la alumini limekunjwa juu ya fremu ya chuma, na maji hutuama katikati yake.

Puti ikataeni. Puti hunywa maji, na ukiipiga juu ya kutu utakuwa umeufungia ugonjwa ndani.

Fundi Bodi Chumbageni

Naunga mkono maelezo ya Mzee, na ninaongeza ya kazini. Kwenye alumini usimruhusu mtu yeyote atumie brashi ya waya wa chuma, kwa sababu chembe za chuma hubaki zimejichomeka na baadaye hutoa madoa ya kutu chini ya rangi mpya. Tumia msasa mpya ambao haujagusa chuma, ondoa unga wote mpaka alumini ing'ae, suuza, kausha, kisha upake praima (rangi ya msingi) iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini kabla ya rangi. Unaporudisha madigadi, weka washa za nailoni chini ya bolti ili alumini isigusane na chuma, na utumie bolti zilizochovywa zinki.

Pale chini ya kanyagio hapana njia ya mkato. Bati bovu likatwe mpaka lifikiwe chuma kizima, kichomelewe kipande kipya, na mshono ufungwe pande zote mbili. Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri na ushushe tangi la mafuta.

Chesisi yako ni boksi la bati la karibu milimita 2, na huoza kuanzia ndani. Ligongegonge kwa nyundo ndogo mwanzo hadi mwisho: penye uzima mlio ni mkali, penye ubovu mlio hufifia na magamba humwagika ndani. Gonga zaidi boriti ya nyuma na ile mikono ya pembeni inayobeba bodi. Matundu ya kutolea maji aghalabu huziba kwa tope. Yazibue, ingiza mpira wa maji mpaka yatoke masafi, na uache boksi likauke kabisa kabla ya kupuliza nta ya kuzuia kutu kwa kompresa.

Bonde la Pangani

Natofautiana kidogo na wataalamu. Wazee wetu wa mashamba ya mkonge walipaka oili chafu na magari yao yako barabarani hadi leo. Nta inayosemwa hapa haipatikani kila duka, na bei yake si ya kila mtu.

Mzee wa Praima

Ndugu Bonde, sikatai kwamba oili huzuia maji. Tatizo ni uchafu wake: ina asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta injinini, huharibu bushi na mipira ya breki, hunasa vumbi lenye chumvi, na hudondoka ardhini penye visima vyetu. Kama nta ni ghali, yeyusha grisi safi kwenye oili mpya kidogo, upake ndani ya boksi peke yake, mbali na mpira wowote.

Raskazone_109

Nawashukuru sana. Turubai nimelitoa. Swali la nyongeza: mvua ikinyesha, maji huchuruzika hadi miguuni mwa dereva, ingawa mpira wa kioo cha mbele ni mpya.

Fundi Bodi Chumbageni

Mkuu, tazama vile vifuniko viwili vya kupitishia hewa chini ya kioo. Mipira yake hukakamaa na kupasuka, maji yakashuka moja kwa moja kwenye bati linalooza. Badilisha mipira hiyo kabla ya kuchomelea, na kapeti uliyotandika sakafuni usiirudishe. Ule mkeka wa mpira unaobebeka unatosha, nawe uwe unaunyanyua kila unapoegesha gari.