Mjadala: Chuo cha nje kikija kujenga huku kwetu Tabora au Kigoma, kijenge kama kwao au kama kwetu?

Mchora Ramani, Kiloleni

Mwangaluka wakuu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana limeanzia kijiweni na leo siku ya nne halijaisha.

Mdogo wangu anasoma IIT Madras Zanzibar, lile tawi la chuo cha India lililofunguliwa 2023, la kwanza kabisa kwa vyuo vya IIT nje ya India. Walianzia kwenye majengo ya muda pale Bweleo. Sasa alivyokuja likizo tukawa tunapiga stori, akauliza hivi kampasi ya kudumu ya chuo cha kigeni inatakiwa ifanane na nini, na kijiwe kizima kikawaka. Mmoja anasema ifanane na kwao ili tujue kweli ni chuo cha nje, mwingine anataka nyumba za msonge, mwingine anasema piga ghorofa basi.

Mi msimamo wangu nautoa mapema. Ukwetu wa jengo hauko kwenye nakshi ya getini. Unachukua boksi la vioo, unabandika michoro ya kanga mbele, alafu unasema umeheshimu utamaduni, hiyo hapana. Ukwetu uko kwenye kivuli, kwenye upepo, na kwenye sehemu ambayo watu wanakaa wakitoka ndani.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Nilisoma chuo kimoja, sikitaji, ukumbi wake mpya ulikua na vioo ukuta mzima upande wa magharibi, vile visivyofunguka, juu kiyoyozi. Mwezi wa kumi hapa Tabora mnaujua, mvua bado na jua limekaa utosini. Saa nane mchana umeme unakata, projekta inazima, dakika kumi nyingi mashati yameshagandia mgongoni, ukiandika karatasi inanata kwenye mkono. Mwalimu akasema bebeni viti. Tukatoka watu kama sitini na viti vichwani mpaka chini ya mwembe, tukamalizia kipindi pale, na upepo ulikuepo muda wote, ni sisi tu tulikua tumejifungia. Toka siku ile kila nikichora ramani ya mtu naanza na swali jua linazamia wapi na upepo unatokea wapi.

Na sio kwamba wageni hawawezi. Kampasi yetu ya Mlimani Dar, chuo kilihamia pale 1964, ilichorwa na kampuni ya Uingereza ya Norman & Dawbarn, na angalieni yale majengo ya mwanzo, korido ziko wazi, hewa inaingia huku inatokea kule. Ukumbi wake wa Nkrumah Hall mpaka uliwekwa kwenye noti ya mia tano ilipokuepo. Kule Ife Nigeria aliyechora ni Mwisraeli, Arieh Sharon, akafanya ghorofa ya juu itokeze kuliko ya chini, kila sakafu inaitilia kivuli iliyo chini yake. Mgeni aliliona jua akaliheshimu. Abu Dhabi pia, kampasi ya NYU, Chuo Kikuu cha New York cha Marekani, pale kisiwa cha Saadiyat iliyofunguliwa 2014, mchoraji wake Rafael Viñoly aliweka njia nyembamba zenye kivuli kati ya majengo kama vichochoro vya miji ya zamani ya Waarabu, watu watembee kwa miguu.

Alafu upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Nottingham cha Uingereza. Matawi yao ya Semenyih Malaysia na Ningbo China yote yana jengo la mnara wa saa lililoigwa kutoka kwao. Sasa huo mnara mwanafunzi wa Malaysia unamsaidia nini? Karibuni.

Mzazi wa Cheyo

Mkuu nakuheshimu ila hapa sikuungi mkono. Unauliza mnara unamsaidia nini? Unamsaidia aamini kwamba yuko Nottingham na sio kwenye chuo cha kuazima jina. Mimi nina watoto watatu, wa kwanza yuko mwaka wa pili, najua ada inavyouma. Mzazi akilipa ada ya chuo cha nje anataka mtoto wake apate kile anachopata mtoto wa huko, maabara ileile, maktaba ileile na ndio, hata jengo lenye hadhi ileile. Maana kila mara likija suala la Mwafrika mnatuletea udongo na makuti mnaita asili, wao wanakaa kwenye vioo na chuma. Udongo tumeutoka juzi tu, marehemu mama yangu alisiliba nyumba kwa mikono yake kila mwaka, mikono imepasuka, hakuna siku nilimsikia akiita ule utamaduni, aliita kazi. Akiamka leo aambiwe mjukuu analipa mamilioni kukaa kwenye nyumba ya udongo atashangaa sana.

Fundi Mwashi, Ipuli

Nimefanya ujenzi miaka 22 wacha niseme ya kwangu. Kwanza vioo, nakubaliana na mchora ramani. Kuna jengo moja nilishiriki kuta zake hapa mjini, mbele vioo vya aluminiamu vile vikubwa. Kimoja kikapasuka, sijui jiwe sijui nini, hapa saizi ile hakuna, ikaagizwa Dar, ikafika imevunjika kwenye gari, ikaagizwa tena. Miezi inakwenda pale pamezibwa na plaiwudi. Jengo usiloweza kulikarabati na fundi wa mtaa wako hilo halijawa lako.

Ila na tembe tusilipambe. Nimezaliwa kwenye tembe mimi, sio la makumbusho. Paa la udongo masika likishiba maji linaanza kudondosha, unahamisha kitanda usiku, ukilala unasikia mchwa wanatafuna mti juu. Ndani kubaridi kweli mchana, hilo siwezi kukataa, ukuta mnene vile joto linachelewa kuingia. Lakini ukiniambia chuo chenye kompyuta kikae chini ya paa la tembe nitakuuliza nani atapanda kulisiliba.

Na matofali ya kuchoma tunayoyasifia hapa yanamaliza miti, tanuru moja linakula magogo ya kutosha na mapori yenyewe mnaona yanavyoisha. Mi siku hizi napenda haya ya kufungamana, yale ya mashine, udongo kidogo saruji kidogo unashindilia, hayachomwi, yanapangwa bila udongo mwingi katikati. Chuo kikija kitumie hayo na kifundishe vijana wetu wayafyatue, hapo nitaamini kimekuja kwetu.

Mchora Ramani, Kiloleni

Fundi umenigusa, hiyo ya fundi wa mtaa naichukua.

Mzee wa Cheyo, shikamoo. Hoja yako ya mama siwezi kuipuuza, hata bibi yangu alisiliba. Lakini udongo wa bibi na udongo wa mhandisi ni vitu viwili. Chukua Diébédo Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando Burkina Faso, alienda kusoma Ujerumani, shule ya msingi ya kijijini kwao ikakamilika 2001 kwa matofali ya udongo yaliyochanganywa saruji kidogo. Wanakijiji walifanya kazi wenyewe. Ujanja wake uko juu: dari ni la matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, alafu bati amelinyanyua kabisa kwenye kenchi za nondo, halijagusa dari. Kwahiyo jua linapiga bati, joto linabebwa na upepo unaopita katikati, darasani halishuki. Na lile bati limetokeza mbele, mvua haigusi ukuta. Fundi hiyo ndo dawa ya tembe lako, ukuta mnene unabaki, paa linabadilika. Mwaka 2022 Kéré akapewa Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote kwa wasanifu wa majengo duniani, Mwafrika wa kwanza. Mzee wangu hapo hadhi haikukosekana.

Alafu jirani zetu Kenya, Turkana kandokando ya ziwa, huyohuyo Kéré amejenga kampasi ya vijana wanaojifunza kompyuta inaitwa Startup Lions. Ina minara mirefu imetokeza juu ya paa, umbo amelitoa kwenye vichuguu. Hewa ya moto inapanda inatokea juu, ya baridi inaingia kwa chini, vilevile mchwa wanavyofanya. Wakuu, vichuguu! Hapa Tabora tunavikanyaga kila siku, tunavichimba udongo wa kusiliba, na hakuna hata jengo moja hapa mjini nililowahi kuliona limeiga kichuguu kinavyopumua.

Wa Ujiji

Mnaongelea Tabora tu, na sisi wa mwisho wa reli tusikike. Swali langu ni moja, utamaduni wa nani? Ujiji tu hapa kuna Waha, Wamanyema, Waswahili wa pwani waliohamia zamani, watu wenye ndugu Kongo na Burundi. Mchoraji wa kigeni akija anatafuta kitu kimoja cha kupiga picha, atachagua nini, mtumbwi? Ataweka paa lenye umbo la mtumbwi na kila mtu atapiga makofi, na ndani itakua tanuri.

Mi nikiulizwa nitasema baraza. Nyumba zetu za Ujiji zina baraza mbele, mzee anakaa pale jioni, anayepita anasalimia, anayeuza migebuka anatua beseni, kesi zinasuluhishwa palepale. Mimi Kiswahili cha kidato cha nne nimefundishwa barazani kwa babu na sio darasani, maana ndani taa ilikua moja na nje kulikua na mwanga wa mbalamwezi na wazee wanaojua maneno. Hiyo haina kabila, Muha anakaa, Mmanyema anakaa. Chuo kisicho na baraza ni ofisi tu.

Na milima jamani. Kigoma ni milima inashuka ziwani, ukija na buldoza ukasawazisha ili uweke boksi lako la kutoka kwenu, mvua ya kwanza udongo wote uko ziwani. Jengo lifuate mlima, lishuke nao kwa ngazi, kila tabaka lione ziwa na lipate upepo wa jioni. MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, wanajenga kampasi Kigoma kwa mradi wa serikali wa elimu ya juu, HEET, wale ni wa kwetu sio wa nje, lakini nitafurahi sana wakilikumbuka hilo.

Mwalimu, Kitete

Nimesoma yote nimeona mnaongelea paa na kuta, wacha niongeze kitu ambacho kwangu ni kizito zaidi. Hivi vyuo vya nje vinaondoka. Chuo cha Yale cha Marekani kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore wakaanzisha Yale-NUS, wanafunzi wa kwanza 2013, wakajengewa kampasi nzuri yenye nyua za ndani na miti, 2021 ikatangazwa mwisho wake ni 2025. Texas A&M nao ni chuo cha Marekani, wako Doha Qatar tangu 2003, jengo lao alilichora Ricardo Legorreta, Mmexico aliyejua nchi ya jua kali, kuta nene, nyua, rangi za udongo, na Februari 2024 bodi yao ikapiga kura wafunge ifikapo 2028. Mkataba unaisha, viongozi wanabadilika, mgeni anafunga mizigo.

Sasa mjiulize anayebaki na lile jengo ni nani. Ni sisi. Tukibaki na jengo linalotaka kiyoyozi saa ishirini na nne na vioo vya kuagiza, halmashauri gani hapa italipa ile bili? Litageuka nyumba ya popo. Jengo lenye kivuli na madirisha yanayofunguka hata likigeuzwa sekondari ya kata kesho linafundishika. Ndio maana mimi swali la lifanane na nani naliona dogo, kubwa ni nani ataliishi mgeni akiondoka, na huyo aitwe mezani kabla ramani haijachorwa. Sio kuitwa siku ya jiwe la msingi kupiga vigelegele.

Na mkiita watu waiteni na wasichana. Nimelea mabinti wa bweni, najua. Njia ya kutoka maktaba saa tatu usiku ina taa? Vyoo viko mbali kiasi gani? Kuna pa kufua na kuanika bila kila mtu kupita kuangalia? Hakuna mchoraji niliyemsikia anaita hayo utamaduni lakini ndiyo yanaamua binti abaki chuo au arudi nyumbani.

Mzazi wa Cheyo

Mwalimu hapo umenipata. La kuondoka sikuwa nimelifikiria kabisa. Bado nataka maabara ya maana yenye kiyoyozi pale kinapohitajika, kuna mashine hazivumilii joto wala vumbi, msije mkaniletea upepo wa asili kwenye maabara ya damu. Lakini madarasa na maktaba, sawa, nimewaelewa. Na kijana wangu wa pili anasomea ujenzi, hiyo habari ya vichuguu nitamtumia.

Mchora Ramani, Kiloleni

Mzee wangu hapo hatugombani, maabara iwe na kiyoyozi na itengwe, isiwe sababu ya kufunga chuo kizima kwa vioo. Mwalimu, la taa na vyoo sikuliandika na ni kosa langu, na mimi mwenyewe ramani za mabweni mawili nimeshachora na hakuna binti niliyemuuliza.

Wa Ujiji, nipe vipimo vya baraza ya babu yako kama ipo bado. Upana wake, kimo toka chini mpaka pa kukalia, na bati limetokeza kiasi gani mbele. Watu wanachora baraza kwa kukisia, inatoka mita moja, mtu akikaa miguu iko juani.

Wa Ujiji

Ipo. Kwa hatua zangu upana ni kama mita mbili na ushee, mzee anajinyoosha na mkeka na bado mtu anapita. Kesho asubuhi napima kwa tepu nakuletea.

Fundi Mwashi, Ipuli

Na mimi Jumamosi sina kazi. Mchora ramani kama uko serious na ukuta mnene twende Kwihara kwenye lile tembe la Livingstone, ni karibu tu, tumuombe mhifadhi tupime unene wa ukuta. Beba na kipimajoto, tupime ndani na nje saa nane mchana.

Mchora Ramani, Kiloleni

Saa sita nakupitia Ipuli. Kipimajoto ninacho kimoja, mwenye cha pili aje nacho ili tusome vyote kwa wakati mmoja.