"Play" kwa Kijapani ni neno gani?

MtotoWaMikindani: Wakuu za jioni, kikundi chetu cha ngoma hapa Mtwara kinatembelewa na Wajapani na mimi nimebebeshwa kipeperushi, kwenye cha Kiingereza kila mahali ni play tu, ngoma play, watoto play, video play, sasa app inanipa asobu kotekote, niache hivyohivyo?

KoroshoNewala: Usiache! Asobu ni kucheza kwa watoto au mtu anayejiburudisha tu. Ngoma ni tataku, yaani kupiga. Filimbi fuku, gitaa na kinanda hiku. Mpira wanasema suru basi.

Bi_Lindi: Kiingereza ndo kinakuchanganya mwanangu, sisi tunapiga ngoma, tunapuliza filimbi, we tafsiri kutoka Kiswahili moja kwa moja. Ila hiyo sindimba mnayocheza usiweke asobu wala suru, andika odoru, wageni wasije kudhani mnawaalika kwenye kombolela 😂

MtotoWaMikindani: Hahaa shukrani mama. Na kitufe cha video je?

KoroshoNewala: Saisei. Halafu mpe mtu anayekijua apitie kabla hujaprinti, hiyo app siiamini hata kidogo.