Hadithi za zimwi kwa mtoto wa miaka 4, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, naomba ushauri hasa kwa wenye watoto wadogo. Mama mkwe yuko kwetu na kila usiku anamsimulia binti yangu wa miaka 4 hadithi za zamani, sasa wanayoipenda ni ile ya msichana aliyesahau kombe lake (lile gamba la baharini) pwani akarudi kulichukua peke yake, zimwi likamtia ndani ya ngoma likawa linazunguka nae vijijini, likipiga yeye anaimba. Mwisho wazazi wanamtoa msichana, wanaijaza ngoma nyuki, nyoka na siafu, zimwi linang'atwa mpaka linakufa, hapo ndo mtoto anapiga makofi kabisa! Ila usiku chooni haendi tena peke yake, na juzi harusini kaona ngoma akagoma kusogea. Nimemuomba bibi asimulie za sungura, anasimulia vizuri tu, mtoto mwenyewe ndo anadai zimwi. Baba yake anasema niache, wote tumekulia humohumo.

Je, nyie wa kwenu mlianza kuwasimulia hizi wakiwa na umri gani? Na nimwambieje mama asijisikie vibaya, maana sitaki aache kabisa, labda za zimwi ziwe mchana tu?